Nusu saa jikoni: Nyama ya Kijapani, tambi za Kijerumani na hesabu ya chumvi

Kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku, mzazi aliyetoka kazini huwa na mambo matatu yanayomsubiri kwa pamoja: daftari la mtoto halijakaguliwa, maji ya kuoga hayajapata moto na sufuria bado iko tupu. Nyama ya ng'ombe ya kuchemsha huweza kutaka zaidi ya saa moja ili ilainike, na mtoto wa darasa la kwanza hawezi kusubiri chakula hadi saa 3 usiku. Hapo ndipo mkono unapokwenda kwenye pakiti ya tambi za dakika 3.

Pakiti hiyo ikiliwa mara moja moja haina neno. Shida iko kwenye kile kifuko kidogo cha viungo kinachokuja ndani yake. Kwa baadhi ya tambi za aina hiyo, pakiti moja ikiliwa na kifuko chake chote hufikisha nusu ya chumvi ambayo mtu mzima anashauriwa kula kwa siku nzima, na nyingine huvuka hapo. Mtoto mwenye kilo 18 hupewa pakiti ile ile anayopewa baba yake.

Ipo njia nyingine inayomaliza kazi kwa nusu saa, au dakika chache zaidi kwa anayejaribu mara ya kwanza. Inachukua mbinu moja kutoka kusini mwa Ujerumani, ambako tambi hutengenezwa kwa unga na mayai bila kusukuma chapati wala kutumia mashine, na nyingine kutoka Japani, ambako nyama hukatwa nyembamba sana hadi ikaiva kabla maji ya chai hayajachemka. Vifaa vyake ni kisu kikali, sufuria na kikaango.

Haraka hiyo haitoki kwenye chumvi. Inatoka kwenye namna ya kukata na kukoroga, na hilo ndilo la kuzingatia kwa mzazi.

Majirani wa mto Rhine

Mapishi ya Kijapani na ya Kijerumani yamekuwa majirani kwa zaidi ya nusu karne katika mji wa Düsseldorf, magharibi mwa Ujerumani. Kuanzia miaka ya 1950, kampuni za Kijapani zilifungua ofisi katika mji huo kwa sababu uko karibu na bonde la Ruhr, lililokuwa na viwanda vikubwa vya chuma na mashine. Wafanyakazi walihamishiwa huko, na baadaye wengi wakaja na wake zao na watoto. Mwaka 1971 ikaanzishwa shule ya Kijapani kwa ajili ya watoto hao.

Leo Düsseldorf ina moja ya jamii kubwa zaidi za Wajapani barani Ulaya. Mtaa wa Immermannstraße, unaoanzia karibu na stesheni kuu ya treni, una maduka ya vyakula vya Kijapani, migahawa ya tambi na maduka ya mikate. Ukitembea kidogo kuelekea mji wa zamani unaingia kwenye baa za Kijerumani zinazouza soseji na nyama ya kuoka. Kila mwaka mji huo huwa na Siku ya Japani kando ya mto Rhine, na watu hujaa hadi usiku kutazama fataki.

Familia yoyote inayoishi ugenini hukutana na swali lile lile kila jioni: watoto wamezoea ladha ya nyumbani, lakini dukani kuna vya wenyeji. Kinachopikwa mwishoni huwa ni mchanganyiko. Sahani inayoelezwa hapa ni ya namna hiyo. Si mapishi ya kale yenye jina na sheria, na bibi wa Stuttgart au wa Osaka angeweza kuikosoa. Ila kila sehemu yake ina asili inayojulikana, na kila sehemu inaokoa muda.

Tambi zisizohitaji mashine

Kusini-magharibi mwa Ujerumani, katika eneo la Swabia ambalo mji wake mkubwa ni Stuttgart, kuna tambi za mayai zinazoitwa Spätzle, hutamkwa shpetsle. Wengi husema jina hilo linatokana na neno la Kijerumani la ndege shorwe, kwa sababu vipande vyake vifupi vyenye umbo la ovyo ovyo viliwakumbusha watu ndege wadogo.

Tofauti yake na tambi za pakiti au tambi za Kiitaliano ni kwamba unga wake haukandwi ukawa mgumu. Ni rojo zito la unga wa ngano, mayai na maji kidogo, zito kuliko la chapati za maji lakini laini kuliko la maandazi. Rojo hilo halisukumwi wala halianikwi. Huangushwa moja kwa moja kwenye maji yanayochemka.

Njia ya zamani ni ya kibao na kisu. Kibao cha mbao hulowanishwa, rojo kidogo hupakwa juu yake, kisha kisu hukwangua vipande vyembamba na kuvidondoshea sufuriani. Wasiokuwa na mkono mwepesi hutumia chujio lenye matundu makubwa: rojo humiminwa ndani na kusukumwa kwa mwiko, nalo hudondoka chini kama matone marefu. Vipande huzama, na baada ya dakika 1 au 2 huelea juu. Kuelea ndiko kuiva.

Kwa mzazi kuna faida nyingine. Yai moja lina takribani gramu 6 za protini, kwa hiyo mayai 3 yaliyomo kwenye tambi hizi yanaongeza karibu gramu 18 kwa familia kabla nyama haijaguswa. Vipande vifupi pia humfaa mtoto anayejifunza kula mwenyewe, kwa kuwa hubebeka kwa kijiko bila kuning'inia.

Kwa nini nyama nyembamba huiva haraka

Wajapani walichelewa kuizoea nyama ya ng'ombe. Mwaka 675 Mfalme Tenmu alipiga marufuku ulaji wa nyama ya ng'ombe na wanyama wengine kadhaa katika sehemu ya mwaka, na kwa karne nyingi zilizofuata watu wengi waliendelea kuikwepa. Mambo yalibadilika katika karne ya 19, na mwaka 1872 habari zilitangazwa kwamba Mfalme Meiji amekula nyama ya ng'ombe. Baada ya hapo migahawa ya nyama ilienea mijini.

Nyama ilikuwa ghali, hivyo ilikatwa nyembamba na kupikwa pamoja na vitunguu, sosi ya soya na sukari. Mwaka 1899, katika soko la samaki la Nihonbashi jijini Tokyo, ulianzishwa mgahawa wa Yoshinoya uliowauzia wafanyakazi wa soko bakuli la wali lililofunikwa kwa nyama ya namna hiyo. Wateja wake walikuwa watu wasio na muda wa kukaa. Chakula kile kilikuwa cha haraka miaka mingi kabla ya tambi za pakiti, ambazo Momofuku Ando alizizindua nchini Japani mwaka 1958.

Siri iko kwenye kisu. Nyama ya ng'ombe ni mafungu ya nyuzi ndefu zilizoshikanishwa pamoja. Ukikata kwa kufuata nyuzi, kila kipande hubaki na uzi mrefu ambao meno ya mtoto hayawezi kuukata. Ukikata kwa kukingama nyuzi, unazikatakata kisu kinapopita, na kazi ambayo ingefanywa na saa nzima ya kuchemsha inakuwa imepungua sana. Kipande cha unene wa milimita 2 au 3 pia hupata moto hadi katikati kwa muda mfupi, kwa hiyo hakina haja ya kukaa jikoni hadi kikauke.

Unene huo unapunguza pia kiasi cha nyama kinachohitajika. Gramu 400 za steki zilizokatwa hivi huenea sahani nzima kwa watu 4. Shirika la World Cancer Research Fund linashauri anayekula nyama nyekundu asivuke gramu 350 hadi 500 za nyama iliyopikwa kwa wiki. Gramu 100 za nyama mbichi kwa mtu, ambazo hupungua zikipikwa, zinaacha nafasi ya kula nyama siku nyingine bila kuvuka kiwango.

Kwa mtoto, hata kiasi kidogo kina kazi. Madini ya chuma yaliyomo kwenye nyama nyekundu hufyonzwa na mwili kwa urahisi kuliko yale ya maharage au mboga za majani, na mwili unayahitaji ili kutengeneza damu.

Ladha iliyotafutwa na nchi mbili

Kitu kingine kinaziunganisha nchi hizi, nacho kimo ndani ya unga wa ngano wenyewe. Mwaka 1866 mkemia Mjerumani, Karl Heinrich Ritthausen, alitenganisha asidi moja kutoka kwenye protini ya ngano inayoitwa gluteni, na asidi hiyo ikaitwa glutamiki. Hakujua kwamba ina siri ya ladha.

Mwaka 1908 mkemia Mjapani, Kikunae Ikeda, ambaye aliwahi kusoma Leipzig nchini Ujerumani, alichunguza supu ya mwani ambayo Wajapani wameitumia kwa miaka mingi. Aligundua kwamba utamu wake wa pekee, ule unaofanya mtu aseme mchuzi umekolea, unatokana na glutameti, ambayo ni ya asidi ile ile. Ladha hiyo akaiita umami.

Umami ipo kwenye sosi ya soya, kwenye uyoga, na kwenye nyanya zilizoiva sana. Kwa mpishi wa nyumbani maana yake ni hii: mchuzi unaweza kukolea bila kuongezwa chumvi, kama umepata nyanya iliyoiva, kitunguu kilichokaangwa hadi kikageuka rangi na nyama iliyopata moto mkali. Ndiyo sababu mapishi haya yana nyanya moja, ingawa si kitu ambacho Mjapani angekitarajia kwenye kikaango hiki.

Hesabu ya chumvi

Sosi ya soya ni nzuri, lakini ndiyo sehemu ya kupimwa kwa kijiko. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya kawaida kina takribani miligramu 900 za sodiamu, sawa na karibu gramu 2.3 za chumvi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kiasi kidogo cha kijiko kimoja cha chai. Kwa mtoto wa miaka 2 hadi 15 kiwango hicho kinatakiwa kushushwa zaidi kulingana na umri na chakula anachohitaji.

Ukiimimina kutoka kwenye chupa bila kupima, vijiko 4 hupita bila mtu kutambua. Hapo familia imekula zaidi ya gramu 9 za chumvi kwa mlo mmoja, kabla ya mkate wa asubuhi na mchuzi wa mchana kuhesabiwa.

Japani yenyewe iliwahi kulipia gharama hiyo. Kiharusi kiliongoza kwa kuua watu nchini humo kuanzia mwaka 1951 hadi 1980. Mikoa ya kaskazini kama Akita, iliyokuwa na majira marefu ya baridi na mazoea ya kula mboga za kuhifadhiwa kwa chumvi, supu ya miso na sosi ya soya kwa wingi, ilikuwa miongoni mwa iliyoathirika zaidi. Kampeni za kupunguza chumvi na kupima shinikizo la damu zilifanywa vijijini, na vifo vya kiharusi vikashuka sana katika miongo iliyofuata. Watu hawakuacha sosi ya soya. Walijifunza kuitumia kidogo.

Mazoea ya chumvi hujengwa utotoni. Mtoto aliyezoea mchuzi wa chumvi nyingi huona chakula cha kawaida hakina ladha, na mzazi huongeza tena ili ale. Kwa sababu hiyo mapishi haya yanatumia vijiko 2 tu vya sosi kwa watu 4, na chumvi nyingine haiongezwi popote: si kwenye unga, si kwenye maji ya kuchemshia, si kwenye nyama.

Mahitaji kwa watu 4

Kwa ajili ya tambi:
- Unga wa ngano vikombe 2 na nusu, takribani gramu 300
- Mayai 3
- Maji zaidi kidogo ya nusu kikombe

Kwa ajili ya nyama na mboga:
- Nyama ya ng'ombe steki gramu 400
- Kabichi, robo ya kichwa cha wastani
- Karoti 2
- Pilipili hoho 1
- Kitunguu maji 1 kikubwa
- Nyanya 1 iliyoiva sana
- Vitunguu saumu punje 2
- Tangawizi kipande cha ukubwa wa kidole gumba
- Mafuta ya kupikia vijiko 2 vya chakula
- Limau au ndimu nusu

Kwa ajili ya mchuzi:
- Sosi ya soya vijiko 2 vya chakula
- Sukari vijiko 2 vya chai
- Haradali ya kupaka kijiko 1 cha chai
- Maji vijiko 4 vya chakula

Haradali ndiyo mkono wa Mjerumani kwenye mchuzi huu. Wajerumani huila na soseji na nyama, na kijiko kimoja hutoa ukali mdogo ambao watoto wengi huuvumilia ukishapikwa.

Hatua kwa hatua

Dakika 5 za kwanza: Injika sufuria kubwa yenye lita 3 za maji na uifunike. Weka unga kwenye bakuli, vunjia mayai katikati na uanze kukoroga kwa mwiko huku ukiongeza maji kidogo kidogo. Ukipata rojo zito linalovutika na kukatika taratibu ukiinua mwiko, acha kuongeza maji. Lipige kwa nguvu dakika 1 au 2 hadi uone vipovu, kisha liache litulie.

Dakika ya 5 hadi ya 15: Kata mboga kwanza, nyama baadaye, ili kibao kile kile kisipeleke vijidudu vya nyama mbichi kwenye mboga. Kabichi, karoti na hoho zikatwe nyembamba. Kitunguu kikatwe vipande vya mwezi mchanga. Nyanya ikwanguliwe na ganda litupwe. Saumu na tangawizi zitwangwe. Kisha kata nyama kwa kukingama nyuzi, nyembamba kadiri kisu kinavyokuruhusu. Nyama iliyokaa friza kidogo ikaanza kuwa ngumu hukatika vizuri kuliko iliyolegea. Osha mikono, kisu na kibao kwa sabuni. Changanya vitu vya mchuzi kwenye kikombe.

Dakika ya 15 hadi ya 22: Maji yakichemka, weka chujio juu ya sufuria, mimina sehemu ya rojo na usukume kwa mwiko. Kama unatumia kibao na kisu, chovya kisu kwenye maji mara kwa mara ili kisigande. Fanya kwa mafungu 3, maana rojo lote likiingia kwa mara moja vipande hushikana. Vikielea, vipe nusu dakika kisha uvitoe kwa upawa wenye matundu. Vinyunyizie mafuta matone machache. Mvuke wa sufuria hii ni mkali, kwa hiyo mtoto anayependa kusaidia apewe kazi ya kupanga sahani mezani.

Dakika ya 22 hadi ya 30: Weka kikaango kwenye moto mkali na mafuta kijiko 1. Mimina nusu ya nyama, itandaze, iache nusu dakika bila kuigusa, kisha igeuze hadi isibaki na wekundu. Itoe, rudia kwa nusu nyingine. Ukiweka nyama yote kwa pamoja, kikaango hupoa, nyama hutoa maji na kuanza kuchemka badala ya kukaangika. Hapo ndipo inapokuwa ngumu.

Kwenye kikaango hicho hicho ongeza mafuta yaliyobaki na kitunguu. Kikigeuka rangi, weka saumu, tangawizi, nyanya na karoti. Baada ya dakika 2 weka hoho na kabichi, na zisikae zaidi ya dakika 2 nyingine. Vitamini C hupungua kadiri mboga inavyokaa motoni, na vitamini hiyo inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Rudisha nyama, weka tambi, na umimine nusu tu ya mchuzi. Geuza dakika 1.

Mwenye jiko moja la mkaa au la gesi hapotezi kitu. Tambi zinatangulia, sufuria inaepuliwa, kikaango kinafuata. Tambi zilizopoa hupata moto tena zikikutana na nyama.

Sahani ya mtoto itangulie

Sasa, kabla ya nusu ya pili ya mchuzi kuingia, pakua sahani za watoto. Wakiwa wawili na wakapata sehemu zao, kila sahani itakuwa na takribani gramu 0.6 za chumvi iliyotoka kwenye sosi, au pungufu kama sehemu yao ni ndogo. Kisha mimina mchuzi uliobaki, geuza, na uwapakulie wakubwa. Sahani ya mtu mzima itabaki chini ya gramu 2. Kamulia limau sahani zote. Ukali wake huufanya ulimi usiitafute chumvi sana, na ni vitamini C ya ziada.

Mtoto wa chini ya miaka 4 akatiwe nyama vipande vidogo zaidi, na akae wakati wa kula, kwa sababu kipande cha nyama kinaweza kumkaba. Mtoto mchanga aliyeanza kula vyakula vya nyongeza baada ya miezi 6 atolewe chake kabla ya mchuzi wowote kuingia, kisha kisagwe au kipondwe. Anayependa kutumia asali badala ya sukari akumbuke kwamba asali haifai kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1.

Chai nayo ingoje. Familia nyingi hushushia chakula cha jioni kwa kikombe cha chai, lakini vitu vilivyomo kwenye majani ya chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Maji au tunda yanafaa mezani, na chai inywewe saa moja au zaidi baada ya mlo.

Kwa wenye masharti ya chakula

Mapishi ya Kijapani ya nyama huwa na mirin au sake, ambavyo vyote vina kilevi. Ndiyo sababu hapa imetumika sukari. Wanaofuata masharti ya halali wasome pia maandishi ya chupa ya sosi ya soya, kwa kuwa iliyochachushwa kwa njia ya kawaida huweza kuwa na kilevi kidogo kilichotokana na kuchachuka, na nyingine huongezewa ili isiharibike.

Mwenye mzio wa ngano aepuke tambi hizi na sosi yenyewe, kwani sosi nyingi za soya hutengenezwa kwa soya na ngano. Nyama na mboga hizi, zikiungwa kwa nyanya, tangawizi na limau, hukaa vizuri juu ya wali. Mzio wa mayai, soya na haradali upo pia, na mtoto anayeonja vitu hivi kwa mara ya kwanza aanze na kidogo.

Kwa mgonjwa wa shinikizo la damu au wa figo, sosi iandaliwe kikombe cha pembeni na ifuate ushauri wa daktari wake. Zipo sosi zenye chumvi pungufu, ila neno pungufu halimaanishi kidogo. Chupa ya aina hiyo bado inapimwa kwa kijiko.

Jumapili inaokoa Jumatano

Sehemu inayokula muda ni kukata nyama, na hiyo inaweza kufanywa mwisho wa wiki. Steki ya kilo 1 na gramu 200 inatosha milo 3. Ikatwe nyembamba, igawanywe kwenye mifuko 3, kila mfuko ubanwe ukawa bapa kisha ugandishwe. Mfuko bapa huyeyuka haraka kuliko bonge. Asubuhi ya siku ya kupika, uhamishwe kutoka friza kwenda sehemu ya chini ya friji, ndani ya sahani ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. Nyama isiachwe juu ya meza kutwa nzima iyeyuke kwa joto la chumba.

Tambi pia hukubali kuandaliwa mapema. Zikichemshwa, zikapoa na kupakwa mafuta kidogo, hukaa kwenye friji hadi kesho yake. Asiye na friji anunue nyama siku ile ile na amwombe muuza nyama steki isiyo na mishipa, kisha aikate nyumbani.

Kinachobaki kiingie kwenye friji ndani ya saa 2 tangu kiive, na kipashwe moto hadi kitoe mvuke kabla ya kuliwa. Kwa chakula cha shule, kisiwekwe kwenye kontena kikiwa vuguvugu kikakaa hadi saa 7 mchana. Mayai, nyama na joto la darasani havifai kuachwa pamoja muda wote huo, na kwa siku hiyo ni afadhali mtoto abebe mkate na tunda, tambi zilizobaki ziliwe jioni.